Jinsi nilivyookoa stika ya ukaguzi kwenye lenzi ya Super-Takumar

Lenzi yangu ya Super-Takumar 55mm, lenzi ya zamani ya kamera za Pentax za Japani, ilikuja na kistika cha rangi ya dhahabu, chenye umbo la yai, kilichoandikwa PASSED. Ukingo mmoja ulikuwa umebanduka, na gundi ya zamani ilikuwa inachuruzika na kunasa vumbi karibu na pete ya kufokasi. Wengi hukibandua na kukitupa. Mimi sikutaka kabisa. Kistika hicho ni cha JCII, taasisi ya Japani iliyoanzishwa mwaka 1954 kukagua kamera na lenzi kabla hazijauzwa nje, wakati Japani ilipokuwa ikipigania jina zuri la bidhaa zake. Ni sehemu ya historia ya lenzi yenyewe.

Kwanza nilikipiga picha, maana karatasi ya metali kuukuu huweza kuchanika wakati wowote. Kisha nikakipasha kwa mashine ya kukaushia nywele, moto mdogo kabisa na kwa mbali. Joto kali hulainisha grisi iliyo ndani ya lenzi. Gundi ilipolegea, nikapitisha uzi wa meno chini yake polepole. Kisu kingekikunja, na mkunjo hautoki tena.

Mabaki ya gundi niliyafuta kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa spiriti kidogo tu, mbali na namba zilizopakwa rangi. Upande wa mbele wa kistika sikuugusa kwa spiriti, kwani maandishi hufutika. Nilikirudisha palepale kwa tone dogo la gundi isiyo na asidi. Pete sasa inazunguka bila kunata.