Mgomba wa Bibi na hesabu ya 33

"Mwalimu, kama mmea unaanzia kwenye mbegu, ndizi inaanzia wapi?"

Aliyeuliza ni binti wa kidato cha nne, darasa zima likiwa limezunguka hadubini moja. Siku tatu kabla nilikuwa nimekikalisha kitunguu juu ya glasi ya maji dirishani. Asubuhi ile nikakata ncha za mizizi yake, milimita 2 hivi, nikazilainisha kwenye asidi, nikazitia rangi, nikazibana kwa kidole gumba kati ya vioo viwili. Ukibahatika unakiona kitu ninachokipenda kuliko vyote katika kazi hii: seli moja kromosomu zake, zile nyuzi zinazobeba urithi, zimejipanga mstari katikati, na jirani yake zimeshavutwa, nusu huku, nusu kule. Kitunguu kina kromosomu 16. Zinajinakili, zinagawana, na kila seli mpya inaondoka na 16 zake kamili. Hiyo ndiyo mitosisi. Ndiyo inayorefusha mzizi na kuziba kidonda.

Swali la binti yule likanirudisha Bukoba, kibanjani kwa Bibi.

Bibi hajawahi kupanda mbegu ya ndizi, wala mama yake hakuwahi. Anachimba pembeni ya mgomba, anachagua chipukizi lenye majani membamba kama upanga, analing'oa na kipande cha tunguu lake, analihamisha. Chipukizi hilo limekua kwa mitosisi tupu, kwa hiyo ni mgomba uleule. Enchoncho, aina ya ndizi anayopika leo, ni mwili uleule waliokula bibi zake, umepokezanwa mkono kwa mkono.

Mbegu inahitaji meiosisi. Hapo seli hugawanyika mara mbili ili kutoa chavua au yai lenye nusu ya kromosomu. Binadamu ana 46, yai lake lina 23. Lakini kabla ya kuachana, kila kromosomu iliyotoka kwa baba humtafuta mwenzake aliyetoka kwa mama, zikalala ubavu kwa ubavu na kubadilishana vipande. Ndiyo maana wewe na ndugu yako wa tumbo moja hamfanani.

Ndizi mwitu ina kromosomu 22, seti mbili za 11. Kila moja ina mwenzake, na tunda lake limejaa mbegu nyeusi ngumu kama kokoto. Ndizi ya Bibi ina 33. Seti tatu! Zikitafutana, kuna inayokosa wa kushikana naye, mgawanyo unaharibika, na chavua karibu yote haifai. Tunda linanenepa hivyohivyo, bila kuchavushwa. Ikate ndizi mbivu kwa upana: vile vidoa vyeusi katikati ndipo mbegu zilipokwamia.

Tunakula laini, lakini migomba inayofanana hivyo hufa pamoja. Mnyauko, ugonjwa unaoambukizwa mgomba kwa mgomba, ulipoingia kibanjani, Bibi aling'oa karibu nusu ya shamba. Kila mgomba akiukata anapitisha panga kwenye moto kabla ya kugusa mwingine, na maua ya mwisho wa mkungu akiyavunja kwa mti wenye panda, asiyaguse na chuma. Sijamwona akinyamaza vile tangu Babu afariki.

Uganda wapo watafiti wanaopaka kwa mkono chavua ya ndizi mwitu iitwayo Calcutta 4 kwenye maua ya migomba ya matoke ambayo bado ina uwezo kidogo wa kushika mbegu. Wanapekua mikungu mingi wapate mbegu chache, kisha wanazilea maabara. Mahuluti, yaani migomba chotara, waliyoyapata yamejaribiwa hadi kwetu Kagera. Nikiifikiria ile mbegu moja ndani ya rundo la ndizi, moyo unanienda mbio.

Jioni nilimpigia Bibi nikamsimulia yote. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Hiyo ya mbegu, mjukuu wangu, ukiipika inalainika?"

Nikamwambia hata hilo wanalipima: wanaipika, wanawaonjesha wakulima.

"Basi waniletee na mimi nionje."