Jinsi nilivyoshusha riba ya mkopo wa gari baada ya kuingia jeshi la Marekani

Wabongo na Wakenya mliopo Marekani mnaotaka kuingia jeshini, hii iwafikie. Gari nilikopa kabla sijaapa, riba 19%, na deni la kadi ya mkopo (credit card) juu yake 24%, sasa kwa mshahara wa kuruta hapo unapumuaje? Sajenti mmoja ndo akanishtua kuna sheria ya Marekani ya kuwalinda wanajeshi inaitwa SCRA (Servicemembers Civil Relief Act), ya 2003, deni ulilochukua kabla ya kuanza kazi rasmi jeshini riba isizidi 6% muda wote uko kazini, na ile inayozidi wanaifuta kabisa, sio wanakusogezea mbele.

Lazima uombe kwa maandishi, kupiga simu tu haitoshi. Nikaandika barua, nikaambatanisha kopi ya oda zangu (karatasi za jeshi za kuniita kazini), nikatuma. Wa kadi walirekebisha fasta. Wa gari sasa, eti punguzo linaanza siku walipopokea barua yangu, mara rejesho la mwezi libaki palepale, yaani usumbufu mtupu. Nikaenda ofisi ya sheria hapo kambini, huduma bure kabisa, wakili akawaandikia kwamba 6% inahesabiwa tangu siku niliyoanza kazi na rejesho nalo lazima lishuke. Stetimenti iliyofuata ikaja imenyooka, na riba ya ziada nikarudishiwa.

Halafu kama ulishaanza kulipia gari kabla hujaingia, mkopeshaji hawezi kukunyang'anya bila amri ya mahakama. Umeshatoka jeshini? Una siku 180 za kuomba hilo punguzo la riba. Mikopo ya baada ya kuingia hiyo 6% haiihusu.