Nilivyoipata waifai kwenye laptopu baada ya kuweka Linux upya

Jamani nimehangaika na waifai siku mbili nzima baada ya kuweka Ubuntu (aina mojawapo ya Linux) upya kwenye laptopu, sasa imekaa sawa na nimeona niandike yote nikiwa bado nakumbuka, maana najua kuna mtu saa hizi anakodolea macho ile kona ya skrini na alama ya mtandao haioni.

Kuinstoli kwenyewe hakukuwa na shida, sauti ipo, skrini safi, tachipedi inafanya kazi. Waifai ndo hamna. Sio kwamba inaona mitandao ikashindwa kuunganisha, hapana, ni hamna kabisa, setingi zinasema hakuna adapta. Na laptopu yangu haina tundu la kebo ya mtandao, kwa hiyo draiva, yani programu inayoufanya mfumo uitumie kadi ya waifai, iko kwenye intaneti na intaneti nayo inataka draiva.

Kilichoniokoa ni simu. Nilichomeka simu ya Android kwa waya wa USB, nikawasha kushea intaneti kwa USB kwenye setingi za simu, laptopu ikaipokea palepale kama kadi ya mtandao ya kawaida bila kuweka kitu chochote. Na wengi hawajui hili, simu ikiwa yenyewe iko kwenye waifai basi ni hiyo hiyo waifai inayopita kwenye waya, bando haliliwi. Ila waya uwe wa data maana kuna zile za kuchaji tu.

Siku ya kwanza niliipoteza yote kwa kukopi amri za watu wenye chipu nyingine. Hapa ndo ningeomba mtu atulie, usiweke draiva yoyote kabla hujajua chipu yako ni ipi. Nilianza na amri ya rfkill list kwenye terminal (dirisha la kuandikia amri), hiyo inaonyesha kama waifai imezimwa, na ikisema hard blocked ujue ni swichi au kitufe cha laptopu yenyewe, ikiwa ni soft unaifungua kwa rfkill unblock wifi. Mimi ilinionyesha bluetooth peke yake, waifai haikuwepo hata kwenye orodha, na hiyo tayari ni dalili kwamba hakuna draiva iliyoishika ile kadi. Ndo nikaandika lspci -nnk nikatafuta mstari wa Network controller. Pale utaona kwenye mabano ya mraba namba mbili zenye nukta mbili katikati, ya mbele ni ya kampuni (8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom) na ya nyuma ni ya chipu yenyewe, na hiyo ya nyuma ndo unayotakiwa kuitafutia draiva, sio jina la laptopu. Kama unatumia adapta ya kuchomeka basi ni lsusb.

Chini yake inatakiwa kuwe na mstari unaosema Kernel driver in use, yani draiva ambayo kerneli (kiini cha mfumo) inaitumia. Ukiwepo na waifai bado haitoki, angalia sudo dmesg, yani ujumbe wa kerneli, mara nyingi utakuta inalalamika haikupata famuwea, yani ile programu ndogo inayopakiwa ndani ya chipu, na hiyo ni kuweka pakiti yake tu ukawasha upya. Kwa Debian, aina nyingine ya Linux, hilo limepungua sana toka toleo la 12 la mwaka 2023 maana famuwea sasa zinakuja na instola. Kwangu mstari haukuwepo kabisa.

Kwa hiyo chipu yangu ilihitaji draiva ya nje inayojengwa na DKMS. DKMS ni programu inayoitengeneza moduli (draiva inayopakiwa ndani ya kerneli) upya kwa kila kerneli, na ili iweze inataka heda, yani mafaili ya kujengea, za kerneli ileile unayoitumia sasa hivi, ndo maana ya linux-headers-$(uname -r). Nilikuwa nimeapdeti mfumo bila kuwasha upya, kerneli mpya imeshaingia lakini ninayotumia ni ya zamani, ikaniletea makosa mpaka nilipowasha upya nikarudia.

Ikajengwa vizuri, nikafurahi, nikapiga modprobe, amri ya kupakia moduli, ikajibu Key was rejected by service. Hapa nilikaa sana. Kumbe ni Secure Boot, kinga ya laptopu ya kuzuia programu zisizoaminika wakati wa kuwaka, ikiwa imewashwa kerneli inakataa moduli isiyokuwa na sahihi inayoitambua. Angalia kwa mokutil --sb-state. Wengi wanaizima tu kwenye BIOS, zile setingi za laptopu yenyewe kabla mfumo haujawaka, na inafanya kazi, mi sikutaka, ile ni kinga na ufunguo uliosaini moduli (unaitwa MOK) unasajilika, kwa nini niitoe. Nikapiga sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der, ikaniomba nitunge nywila, nikawasha upya. Sasa inapowaka inakuja skrini ya bluu, na inakusubiri sekunde chache tu, usipobonyeza kitu inapita zake na usajili unakuwa haujafanyika. Mara ya kwanza ilinipita. Mara ya pili nikakaa tayari, nikachagua Enroll MOK, nikaweka nywila ileile, laptopu ikawaka na mitandao yote ikajipanga pale juu.

Ikabaki moja, ilikuwa inakata kata kila nikiiacha kidogo. Hiyo ilikuwa ni kubana umeme. Kwenye /etc/NetworkManager/conf.d kuna faili la default-wifi-powersave-on.conf, ndani wifi.powersave ni 3, nikaweka 2, nikarestati NetworkManager, programu inayosimamia mitandao, kukata kukaisha hapohapo. Betri inaliwa zaidi kidogo ila kwangu ni sawa.

Jana usiku imeingia kerneli mpya, nikawasha upya huku waya wa simu nimeushika mkononi kabisa, DKMS ilikuwa imeshajenga moduli yenyewe na waifai ikaingia kabla sijamaliza kuandika nywila.