Jinsi nilivyojifunza kuchekesha siasa za nchi nyumbani Mombasa

Mapema Septemba 2017, siku chache baada ya Mahakama ya Juu ya Kenya kubatilisha matokeo ya uchaguzi wa urais uliofanyika Agosti 8, nilipanda jukwaani katika ukumbi mdogo wa hapa Mombasa, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka nyumba niliyozaliwa. Nilikuwa na vichekesho vya siasa ambavyo miezi michache kabla yake vilikuwa vimewavunja watu mbavu jijini Nairobi, na sikuona sababu ya kubadilisha hata neno moja. Niliiga sauti ya kiongozi mmoja, nikaiga mwendo wa mwingine, nikayatia chumvi majina ya vyama. Upande wa kulia wa ukumbi ulicheka. Upande wa kushoto ulinyamaza, na ndani ya kimya hicho nikasikia kiti kikiburutwa sakafuni, kisha cha pili, kisha mlango ukifunguliwa. Nilimaliza dakika zangu kumi na mbili mbele ya ukumbi uliogawanyika kama karatasi ya kura.

Asubuhi yake mama mmoja jirani yetu, ambaye amenijua tangu nikibebwa mgongoni, alinisimamisha mlangoni kwake. Nilimwamkia, akaniitikia, kisha akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa: "Mwanangu, jana ulikuwa ukituchekesha au ukitucheka?" Nilipokosa jibu aliniambia kwamba ofisi ya mmoja wa wanasiasa niliowaiga ndiyo iliyomlipia mwanawe karo ya kidato cha tatu na cha nne, na kwamba hakuwa amekasirika, ila alitaka nijue ni nani aliyekuwa ameketi upande ule ulionyamaza.

Swali hilo limekuwa kazi yangu yote tangu siku hiyo. Kuchekesha ni kumfanya mtu acheke, na kumcheka mtu ni kumfanya yeye mwenyewe kuwa kichekesho. Kwenye jukwaa la ugenini tofauti hiyo hufichika kwa urahisi, kwa kuwa hadhira hainijui nami siijui. Watu wamelipa kiingilio, wamecheka, wamekwenda zao. Nyumbani watu wanajua baba yangu alipiga kura wapi, ndugu yangu aliajiriwa na nani, na harusi ya dada yangu ilisimamiwa na mheshimiwa yupi. Kila nikitaja jina la mwanasiasa, ukumbi hauanzi kwa kusikiliza kichekesho. Unaanza kwa kupima nimesimama upande gani.

Nilikuwa nimejifunza kuiga kutoka kwa waliotutangulia, na sijutii kujifunza kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la Redykyulass, yaani Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, lilimwigiza Rais Moi mbele ya nchi nzima, na kwa Wakenya waliozoea kunong'ona walipolitaja jina lake, kuisikia sauti ile ikitoka katika kinywa cha kijana wa kawaida lilikuwa tendo la ujasiri. (Kiarie mwenyewe aliingia Bungeni mwaka 2017 akiwa mbunge wa Dagoretti Kusini, na naamini watazamaji wake wa zamani wana haki ya kumpima kwa kipimo kile kile alichowapimia wengine.) Tatizo ni kwamba kuiga sauti leo hakuhitaji tena ujasiri wowote, na sauti ya kiongozi si kosa lake. Kinachostahili kuulizwa ni uamuzi wake. Baada ya usiku ule niliacha kuiga viongozi wote, wa pande zote, na kwa muda wa miezi mitano hivi sikuwa na kichekesho hata kimoja cha siasa ambacho ningethubutu kukisema Mombasa.

Njia niliipata nilipoacha kutazama Nairobi na kuanza kutazama nyumbani. Mji huu ulikuwa na watu wa kuwasema watawala kabla ya vipaza sauti kuwepo. Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo mwaka 1840, alitunga mashairi ya kujibizana na Lamu na ya kuukabili utawala wa Seyyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar, na mashairi hayo yakaimbwa na watu wa kawaida wa mji, si na wanazuoni peke yao. Karne moja na zaidi baadaye mwana mwingine wa Mombasa, mshairi Abdilatif Abdalla, alifungwa jela miaka mitatu, kuanzia mwaka 1969, kwa sababu ya waraka ulioikosoa serikali ya wakati huo. Nilipowasoma wawili hao kwa makini, nilichokiona hakikuwa ushujaa tu bali pia ufundi wa fumbo. Mswahili hupenda kuachiwa kazi ya kufumbua. Ukimtajia jina la mtu umemnyima kazi hiyo, na umempa nafasi ya kukasirika. Ukimwekea jambo mbele yake likiwa limevikwa vazi jingine, atalivua mwenyewe, na akishalivua hawezi kudai kwamba wewe ndiye uliyemvulia.

Kichekesho cha kwanza nilichokijenga kwa njia hiyo kilihusu kontena, nami nitaeleza kwa urefu jinsi kilivyotokea kwa sababu ndicho kilichonifundisha.

Treni za mizigo za reli mpya zilianza kazi mwanzoni mwa 2018, na mwaka uliofuata yakatolewa maagizo kwamba mizigo inayokwenda Nairobi na kwingineko bara isafirishwe kwa reli hiyo. Hapa Mombasa jambo hilo halikuwa habari ya magazetini. Lilikuwa shemeji aliyeegesha lori Miritini akaliuza kwa hasara, binamu aliyepunguzwa kazi katika bohari ya makontena, na mama aliyekuwa akiwauzia chai madereva Changamwe akarudi nyumbani saa nne asubuhi na birika limejaa. Watu waliandamana barabarani. Nami nilitaka kulizungumzia jukwaani, lakini rasimu yangu ya kwanza ilikuwa hotuba. Niliitaja serikali, nikalitaja deni la reli, nikaeleza, na niliposoma kwa sauti chumbani kwangu nilijisikia kama mgombea anayeomba kura.

Nikafuta yote nikajiuliza: jambo hili, likiingia katika nyumba ya Mswahili, litafanana na nini? Jibu lilikuja nikiwa nimeketi barazani. Kontena linashuka bandarini Kilindini, linapepesa macho mara moja, kisha linapanda treni. Ni kama mgeni anayekuja mpaka mlangoni kwako, unamkaribisha, unampangusia kiti, mkeo ameshateleka chai, naye anakuuliza: "Samahani, kwa jirani ni wapi?" Hanywi hata maji. Nawe kwa adabu unamwonyesha njia, unambebea na mzigo wake.

Nilikisema kichekesho hicho kwa mara ya kwanza mbele ya watu wasiozidi arobaini. Nilipofika kwenye maneno "mkeo ameshateleka chai", mzee mmoja wa safu ya mbele alipiga goti lake kwa kiganja na kusema "Ndiyo!" kabla sijamaliza, na cheko lililofuata lilitoka pande zote mbili za ukumbi. Sikuwa nimetaja chama, wala rais, wala reli. Hakuna aliyehitaji kuamua kwanza kama anaruhusiwa kucheka. Walioiunga mkono serikali walikuwa na shemeji mwenye lori sawa na walioipinga, na kila mtu ukumbini alijua ni aibu ya namna gani mgeni kukataa chai yako.

Tangu hapo nimekuwa na desturi ambayo sijaiacha. Jambo lolote la kitaifa silipandishi jukwaani mpaka nilione limeingia katika nyumba ninayoifahamu, nalo huwa nalifuata mpaka nijue limeketi wapi ndani ya nyumba hiyo: jikoni, mfukoni, au kitandani kwa mgonjwa. Lisipoingia nyumbani ninaliacha, hata kama nchi nzima inalizungumza. Kwa sababu hiyo nimekosa kucheza na habari nyingi za moto, na wenzangu wameniambia kuwa nachelewa. Nadhani wana haki, ila naona afadhali nichelewe.

Nilijisomea sheria pia, kwa msaada wa rafiki aliye wakili. Ibara ya 33 ya Katiba ya mwaka 2010 inalinda uhuru wa kujieleza, ukiwemo ubunifu wa kisanaa, lakini inauondolea ulinzi huo uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, iliyotungwa baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 zilizoua zaidi ya watu 1,100, inaweka kwa matamshi hayo ya chuki adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Nilipoyasoma hayo nilivipitia tena vichekesho vyangu vya zamani vya lafudhi za makabila, nikavitupa. Havikuwa vimevunja sheria, kwa maoni ya rafiki yangu. Nilivitupa kwa sababu vilikuwa vikiwacheka watu kwa jinsi walivyozaliwa.

Jambo lililonisumbua kuliko sheria ni fedha. Mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi sita siku ya uchaguzi, ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wa wadi, na maana yake kwa mchekeshaji wa mji ni kwamba wakati wa kampeni kuna wagombea wengi mno wanaotafuta mtu wa kushika kipaza sauti. Mwaka 2022 mmoja wao alinitumia mjumbe na bahasha. Hakutaka nimsifu; alitaka nimseme mpinzani wake, tena katika onyesho langu la kawaida, bila yeye kuonekana. Kiasi kile kilikuwa zaidi ya mapato yangu ya miezi minne. Nilimrudishia mjumbe bahasha kama ilivyokuwa, nikamwomba amfikishie mkubwa wake salamu na heshima zangu, na wiki hiyo hiyo nikazijulisha kambi zote zilizokuwa na namba yangu ya simu kwamba sitashika kipaza sauti katika mkutano wa mgombea yeyote mpaka kura zihesabiwe. Nilipoteza kazi nyingi mwaka huo, zikiwemo harusi mbili ambazo wenyewe walikuwa na jamaa katika siasa. Lakini nilipopanda jukwaani mwezi Oktoba, hakuna upande uliojiuliza nimelipwa na nani, na kwa mtu anayefanya kazi hii nyumbani kwao sijui mtaji mwingine ulio mkubwa kuliko huo.

Kichekesho cha kontena nacho kilipata mtihani wake. Septemba 13, 2022, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto alitangaza kwamba shughuli za kuidhinisha mizigo zitarudi katika bandari ya Mombasa. Watu walishangilia, na nilijua kwamba nikikirudia kichekesho kama kilivyo nitakuwa nasema uongo. Nilitumia wiki tatu kukiandika upya. Katika toleo jipya mgeni amerudi, amebisha hodi, ameomba radhi, anataka ile chai. Lakini mpishi alikwisha kwenda Malindi kutafuta kazi, birika liliuzwa, na mwenye nyumba amesimama mlangoni akihesabu majani ya chai yaliyobaki, asijue kama acheke au alie. Toleo hilo lilipokewa kwa cheko dogo kuliko la kwanza. Baada ya onyesho, hata hivyo, kijana mmoja alikuja kunishika mkono akaniambia tu: "Baba yangu ndiye yule mpishi." Nimeliacha kama lilivyo.

Juni 2024 ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko yote. Mswada wa Fedha ulikuwa na mapendekezo ya kodi yaliyoingia moja kwa moja katika nyumba za watu, ikiwemo ile ya asilimia 16 juu ya mkate, ambayo iliondolewa wiki moja kabla ya siku waandamanaji walipoingia Bungeni, Juni 25. Vijana wa Mombasa waliandamana pia, na wengi wao walikuwa wale wale wanaokaa viti vya nyuma katika maonyesho yangu. Walinitaka niwe mkali, niyataje majina, niache mafumbo. Niliwaelewa. Kisha hesabu ya waliouawa ikaanza kutolewa. Kufikia mwanzo wa Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu watu 39. Onyesho langu la wiki ile nilikwenda, kwa sababu tiketi zilikwisha kuuzwa, nikawaambia watu kwamba sina kichekesho kuhusu jambo hili na sitakitafuta, nikawaomba tusimame pamoja dakika moja. Kisha nikazungumza nusu saa kuhusu mama yangu na mahamri yake. Mtu mmoja alidai kurudishiwa pesa, nikamrudishia.

Sasa naandaa vichekesho vya kuelekea uchaguzi wa Agosti 2027, na mahali ninapoanzia ni kivuko cha Likoni, ambako nakwenda alfajiri ya kila Jumatatu kusikiliza watu wanavyosemezana wakingoja feri. Majuzi mzee mmoja aliyekuwa karibu nami aliitazama picha kubwa ya mwanasiasa, iliyobandikwa ukutani ikiwa bado mbichi kwa gundi, akasema kwa utulivu: "Huyu mara yangu ya mwisho kumwona alikuwa kwenye ukuta huu huu." Waliokuwa jirani walicheka mpaka feri ikatia nanga. Nilimwendea, nikamwamkia, nikamweleza kazi yangu na kumwomba ruhusa ya kuyatumia maneno yake jukwaani. Alinitazama kwa muda, akanipa ruhusa kwa sharti moja.

"Jina lililo kwenye picha usilitaje, mwanangu," alisema. "Yule ni mkwe wangu."