Rodi Iliyokatika Mgongoni: Kwanza Muulize Mfupa

Rodi za uti wa mgongo, yaani vyuma virefu viwili vinavyofungwa kwa skrubu kwenye pingili, kulia na kushoto, hazikutengenezwa kumbeba mtu maisha yake yote. Kazi yake ni kushikilia pingili mpaka mfupa uliopandikizwa uunge na kuwa kipande kimoja, na kwa mtu mzima aliyenyooshwa kibiongo au mgongo uliopinda ubavu hilo huchukua mwaka mmoja hadi miwili. Mfupa ukiunga, rodi inastaafu. Usipounga, kila hatua na kila kuinuka kitini kunaipinda rodi kidogo mahali palepale. Anayetembea hatua elfu tatu tu kwa siku anaipinda zaidi ya mara milioni kwa mwaka. Chuma huchoka kama waya wa sengenge unaopindwapindwa kwa mkono: si nguvu nyingi inayoukata, ni kurudiarudia.

Ndiyo maana nikisikia mpango wa upasuaji unaosema "tutabadilisha rodi" halafu nukta, napata mashaka. Rodi mpya juu ya mfupa uleule ambao haukuunga itakatika nayo, tena pengine mapema kuliko ya kwanza.

Sehemu zinazokatika zinajulikana. Ya kwanza ni maungio ya kiuno na sakramu (mfupa ulio chini ya kiuno, kati ya mifupa ya nyonga), yaani pingili ya mwisho ya kiuno, L5, na ya kwanza ya sakramu, S1, ambako mzigo wa safu nzima ya vyuma unaishia kwenye mfupa mmoja. Ya pili ni pale palipokatwa kabari ya mfupa ili kurudisha mkunjo wa kiuno. Kabari moja hunyoosha takriban nyuzi 30, lakini inaacha pengo nyuma, na rodi inapinda kwa ukali juu ya pengo hilo. Kikundi cha watafiti cha International Spine Study Group cha Marekani kiliripoti mwaka 2014 kuhusu wagonjwa 200 waliofuatiliwa angalau mwaka mmoja: rodi zilikatika kwa asilimia 9 ya wote, na kwa asilimia 22 ya waliokatwa kabari. Ya tatu ni maungio ya kifua na kiuno. Rodi ikikatika ndani ya mwaka wa kwanza, kwa kawaida mzigo ulikuwa mkubwa mno kwa chuma kilichowekwa. Ikikatika mwaka wa tatu au wa nne, kuna pingili ambayo haikuunga tangu mwanzo na hakuna aliyeiona.

Si kila rodi iliyokatika inahitaji kisu. Moja ikikatika, nyingine ikiwa nzima, mgonjwa hana maumivu na mgongo haujarudi kupinda, inafaa kusubiri na kupiga picha kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Zikikatika zote mbili, au mtu akianza kuegemea mbele, au miguu ikaanza kufa ganzi, kusubiri hakuna faida. Wengi husimulia mlio wa ghafla mgongoni kisha maumivu. Wengine hawasikii kitu, wanaona tu suruali haikai sawa kiunoni.

Picha ndipo makosa mengi yanapoanzia. Eksirei ya kiuno peke yake, mgonjwa amelala, haisemi lolote kuhusu mizani ya mwili. Inatakiwa picha ya mgongo mzima akiwa amesimama, kuanzia shingoni hadi vichwa vya mifupa ya mapaja, yenye urefu wa sentimita 90 hivi. Hospitali yenye kaseti za sentimita 35 kwa 43 tu italazimika kupiga vipande na kuviunganisha, na mgonjwa asisogee kati ya kipande na kipande. Kwenye picha ya ubavu pima umbali wa mstari wa wima unaoshuka kutoka pingili ya saba ya shingo hadi kona ya nyuma ya sakramu: ukizidi sentimita 5 mbele, mwili umeelemea. Pima pia tofauti kati ya pembe ya nyonga, ambayo kwa mtu mzima haibadiliki, na mkunjo wa kiuno chake. Ikizidi nyuzi 10, kiuno kimebaki bapa, ingawa kwa mzee wa miaka 75 hatulazimishi namba hizo. Kumbuka pia kwamba picha ya ubavu hulaza rodi moja juu ya nyingine, na mpasuko ulio karibu na kichwa cha skrubu hujificha. Piga za mshazari.

Baada ya hapo CT, picha ya kompyuta inayokata mwili tabaka kwa tabaka, ya vipande vya milimita 1. Angalia kama kuna daraja la mfupa linalopita kutoka pingili hadi pingili, na kama kuna kivuli cheusi kuzunguka skrubu, dalili kwamba imelegea. CT hiyohiyo inakupa ubora wa mfupa bila gharama ya ziada: pima wiani kwenye pingili isiyo na chuma, na ukipata chini ya 110 kwenye kipimo cha Hounsfield, mfupa ni dhaifu. Kipimo cha DEXA, eksirei ya kupima uimara wa mifupa, kifanyike nyonga au mkono, maana kiunoni vyuma hudanganya mashine.

Halafu maambukizi. Mfupa usiounga unaweza kuwa na bakteria wa polepole, hasa Cutibacterium acnes, ambao hawaleti usaha wala homa, na CRP, kipimo cha damu kinachopanda kukiwa na maambukizi, inaweza kurudi ya kawaida kabisa. Kwa hiyo wakati wa upasuaji chukua vipande vitano vya nyama kutoka sehemu tofauti, na uiambie maabara kwa maandishi ivioteshe kwa siku 14. Usipoiambia, itavitupa siku ya tano na kukuandikia hakuna kilichoota.

Mgonjwa mwenyewe naye anaandaliwa. Sigara iachwe angalau wiki sita kabla na isirudiwe mpaka mfupa uunge. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu ambayo mfupa mpya unaitegemea. Vitamini D ifike nanogramu 30 kwa mililita ya damu. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, ikiwa juu ya asilimia 8, subiri. Kwa mwenye mifupa dhaifu, sindano ya teriparatide, dawa ya kujenga mfupa, ya mikrogramu 20 kila siku ianze miezi kadhaa kabla, kama inapatikana na mfuko unaruhusu.

Jambo linaloonekana dogo lakini linaweza kusimamisha upasuaji: bisibisi. Kila kampuni ina umbo lake la kichwa cha skrubu na la kifungio kinachobana rodi ndani ya kichwa hicho. Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hunyooshwa India na kurudi na barua ya ukurasa mmoja isiyotaja mfumo wa vyuma. Itafute ripoti kamili ya upasuaji, pamoja na stika za vyuma zinazobandikwa kwenye faili: zina jina la mfumo, kipenyo cha rodi na aina ya metali. Ikikosekana, agiza seti ya bisibisi za mifumo yote na kikata rodi, na uvione kwa macho mezani kabla mgonjwa hajapewa nusu kaputi.

Metali ina maana. Rodi ya kobalti na kromi ina ukakamavu wa karibu mara mbili ya aloi ya titani. Kipenyo nacho: ukakamavu hupanda kwa kipeo cha nne, hivyo kutoka milimita 5.5 kwenda 6.0 unapata asilimia 40 zaidi, na ukienda 6.35 unapata zaidi ya asilimia 75. Chuma cha pua kisigusane na titani, kwani metali hizo mbili zikiwa ndani ya maji ya mwili hulana. Titani pia haivumilii mkwaruzo: alama moja ya kipindio, koleo la kupindia rodi, inakuwa mwanzo wa mpasuko. Rodi ipindwe taratibu kwa mkunjo mpana, na ikishapindwa kwa upande mmoja isinyooshwe tena, chukua nyingine.

Ndani ya thieta, kovu la zamani hufunguliwa kwa kufuata chuma, kwa sababu chuma ni salama na katikati, palipoondolewa mfupa, kuna dura, utando unaofunika uti wa mgongo na neva, ulioshikamana na kovu. Dura ikipasuka ishonwe palepale. Nyama nyeusi kuzunguka mpasuko ni vumbi la metali, iondolewe yote. Kama mgongo haujapinda upya na skrubu zimeshika, si lazima kung'oa kila kitu: kata rodi juu na chini ya mpasuko, acha sentimita 2 hivi za rodi iliyo wazi kila upande, unganisha kipande kipya kwa viunganishi vya ubavu. Skrubu iliyolegea ibadilishwe kwa nene zaidi kwa milimita 1 au zaidi. Vifungio vya zamani visirudishwe. Ukilazimika kutoa rodi zote, badilisha upande mmoja kwa wakati, mwingine ukiwa umeshikilia.

Kisha ongeza rodi. Rodi nne kuvuka sehemu iliyokatika ndiyo kawaida yangu, mbili kuu na mbili za nyongeza, na viunganishi visikae usawa wa mpasuko wa zamani. Chini, skrubu za kupita sakramu hadi mfupa wa nyonga ni lazima kama rodi inafika S1.

Lakini kazi yenyewe ni mfupa. Kwaruza nyuzi laini zote zilizojaa kati ya pingili mpaka mfupa utoe damu, kisha jaza mfupa wa mgonjwa mwenyewe. Ukichota kwenye nyonga, usivuke sentimita 8 kutoka nundu ya nyuma, la sivyo utakata neva za ngozi ya kalio. Na weka kizimba, kitenganishi kinachojazwa mfupa, mbele, kwenye nafasi ya diski, kwa sababu karibu asilimia 80 ya uzito hupita mbele ya uti, si nyuma kwenye rodi. Kwa L5 na S1 napendelea kupitia tumboni: hakuna kovu, kizimba kinaweza kuwa kikubwa, ila daktari wa mishipa ya damu awepo.

Damu hupotea nyingi. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kutoka damu, huanza kwa miligramu 10 hadi 30 kwa kilo kisha hudondoshwa kwa saa zote za kazi, na sefazolini, antibiotiki ya kuzuia maambukizi, gramu 2 irudiwe kila baada ya saa nne. Pasipo mashine ya kufuatilia neva, mgonjwa aamshwe mezani baada ya kunyooshwa na aambiwe asogeze vidole vya miguu. Visiposogea, pandisha shinikizo la damu, kisha legeza ulichonyoosha.

Baada ya hapo picha za kusimama wiki ya sita, mwezi wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili, na CT mwaka mmoja baadaye hata kama mgonjwa anajisikia vizuri. Nakala ya ripoti na stika za vyuma akae nazo yeye nyumbani.