Daftari Lililonituliza Nilipokuwa Nikimuuguza Mama

Mama alipopata kiharusi, mkono na mguu wake wa kulia vilipooza na maneno yakampotea, kwa kuwa damu ilikatika upande wa kushoto wa ubongo, ambao huongoza viungo vya kulia na, kwa watu wengi, ndio unaobeba usemi. Mimi ni fundi wa kushona hapa Morogoro. Wakati huo nilikuwa na oda za sare za shule ambazo wateja walikwisha kuzilipia kianzio, marejesho ya kikoba yasiyokubali udhuru, na mkopo wa ile aina ambayo mtaani huitwa kausha damu, tuliouchukua ili kulipia kipimo cha picha ya ubongo.

Waliokuja kumjulia hali mama waliniusia nipige moyo konde na nisiwaze sana. Walisema kwa mapenzi, lakini sijawahi kumwona mtu aliyeacha kuwaza kwa kuambiwa asiwaze. Nilipolala, akili ilianza upya: vidonge vya presha vimebaki vingapi, nani atamgeuza mama nikienda sokoni kununua vitambaa, mteja wa Kihonda atakuja lini, mwenye mkopo atapiga simu saa ngapi. Baada ya kukesha hivyo usiku mwingi, nilianza kuona kwamba sikuwa na hofu moja kubwa, bali nilikuwa na hofu ndogo nyingi zilizochanganyika, na kila moja ilirudi kugonga kwa sababu haikuwa imepangiwa siku wala mtu.

Nikanunua kaunta buku. Kwanza niliandika kila kilichonisumbua bila mpangilio wowote, hata mambo ya aibu, kisha asubuhi nikayahamishia katika kurasa tatu: ya mama, ya kazi na ya madeni. Kila jambo nililipangia tarehe na jina la mtu atakayelifanya, na lile lisilokuwa katika uwezo wa mtu yeyote nyumbani nikalipigia mstari na kuliacha.

Ukurasa wa mama ndio uliojaa zaidi. Uliandikwa dawa za asubuhi na za jioni, kipimo cha presha, na saa za kumgeuza, kwani mgonjwa asiyeweza kujigeuza hupata vidonda akilalia upande mmoja muda mrefu, na sisi tulielekezwa tumgeuze kila baada ya saa mbili. Yaliandikwa pia mazoezi tuliyofundishwa na mtaalamu wa viungo: kulaza mkono uliopooza juu ya mto, kukunjua vidole kimoja kimoja kuanzia gumba, kisha kunyoosha kiwiko taratibu, na kamwe kutomwinua mama kwa kuuvuta mkono ule, maana bega lililolegea huteguka kwa urahisi. Mdogo wangu, ambaye awali alikuwa akiogopa hata kumgusa, alianza kusoma zamu yake ukutani, ambako nilibandika nakala ya ukurasa huo, na kuifanya bila kuniuliza.

Madeni hayakuhitaji maelezo marefu. Niliandika kiasi chote, nikauza cherehani ya pili, nikaumaliza mkopo ule wenye riba kali kwanza, na viongozi wa kikoba wakakubali kunisogezea marejesho nilipowaendea kabla tarehe haijafika.

Baadaye nilisoma kwamba mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik aliandika mwaka 1927, akiwa Berlin, kuwa watu hukumbuka zaidi kazi walizokatizwa kuliko walizozimaliza, na kwamba utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa kulipangia tu jambo namna na wakati wa kulitenda hupunguza kero yake akilini hata kabla halijatendwa. Nilifurahi kuusoma utafiti huo, ingawa usingizi wangu ulikuwa umekwisha kurejea.

Hata hivyo, daftari lina mipaka yake. Halikunisaidia kwa huzuni ya kumwona mama, mwanamke aliyekuwa akisimamia harusi za mtaa mzima, akitafuta jina langu mdomoni na kulikosa. Huzuni haipangiwi tarehe, na nilipoanza kukosa hamu ya chakula na kulia nikiwa kazini, nilikwenda kliniki ya afya ya akili, jambo ambalo baadhi ya ndugu walilinong'onea kana kwamba nimerukwa na akili. Mhudumu alinisikiliza bila haraka, akaniuliza ni lini mara ya mwisho nilitoka nyumbani kwa jambo lisilohusu ugonjwa wala fedha, nami sikuwa na jibu.

Ndipo tukaitisha kikao cha familia. Kaka yangu mkubwa, ambaye alikuwa akituma pesa akadhani amemaliza wajibu, alipewa Jumapili nzima, kuanzia uji wa asubuhi hadi dawa za jioni, na jina lake likaandikwa kwenye karatasi ya ukutani kama ya wengine. Alilalamika kidogo, akaja. Siku hiyo mimi huenda kanisani, kisha hupita kwa shoga yangu anayeishi Mji Mpya, tukala na kupiga soga hadi jua linapopungua makali, na simu huiacha ndani ya mkoba.