Siku moja maishani mwangu: mhesabu mapengo

Nikisema nafanya kazi maktaba, watu huniambia, "Raha yako, unakaa tu unasoma." Leo nawaonyesha hiyo raha.

Saa 1:30 asubuhi. Nafungua chumba cha majarida, napangusa vumbi, narudisha rafuni yaliyoachwa mezani jana.

Saa 3:00. Nachukua daftari la mapengo. Kila toleo la jarida lina namba yake, nami napita rafuni nikihesabu: 1, 2, 4. La 3 liko wapi? Huenda lilipotea posta, huenda liko kwa wanaojalidi, huenda mchapishaji alitoa mawili kwa jalada moja, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Mapengo ya miaka ya 1980 hayanisumbui sana. Fedha za kigeni zilikuwa adimu nchini, malipo ya majarida ya nje yakasimama, na leo utamdai nani?

Saa 4:15 akaingia mzee mmoja, mhadhiri mstaafu, faili kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nipe Tanganyika Notes and Records ya 1970."

Nikamweleza kwamba kwa mwaka huo atafute Tanzania Notes and Records. Ni jarida lile lile lililoanza 1936. Baada ya Muungano likabadilishwa jina, namba zikaendelea, nasi tumeliweka rafu ya pili yake. Hakusikia hata neno.

"Binti, mimi nimelisoma humu humu hujazaliwa. Semeni tu mmewauzia wauza karanga wafungie!"

Nikacheka. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Nilisomewa historia nzima ya maktaba hii, enzi za ukimya na wakutubi wenye adabu, huku wanafunzi wakigeuza shingo. Akataka aitwe mkubwa wangu. Mkubwa akaja, akasomewa yote upya, kisha akanitazama mimi. Chai yangu ikapoa hivyo hivyo.

Mwishowe nikamwomba mzee tuongozane. Nikavuta juzuu, nikamwonyesha jina jipya, nikamwonyesha na makala yake kwenye yaliyomo. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Nikafungua ukurasa.

Kurasa zote za makala hazikuwepo. Zilikatwa kwa wembe, sambamba na mshono, kazi safi kama ya fundi cherehani. Na kwenye daftari langu juzuu hiyo ina alama ya vema: kamili. Miaka yote nimekuwa nikihesabu migongo tu.

Mzee hakupiga kelele tena, na afadhali angepiga.

Mchana sikumbuki niliugawaje. Niliandikia maktaba nyingine kuomba nakala ya kurasa hizo, nikamjibu mwanafunzi anayetafuta matoleo ya zamani ya jarida liitwalo Kiswahili (nalo ni hayo hayo, zamani liliitwa Swahili), kisha nikakaa sakafuni nikaanza kufunua juzuu za rafu ile ukurasa kwa ukurasa. Vidole vyeusi, kiuno kinalia.

Mzee alinipitia akiondoka, akaacha namba ya simu kwenye kikaratasi. "Ukizipata nipigie, mwanangu. Na lile la karanga, basi."

Walipozima taa nilikuwa nimemaliza juzuu tisa. Mbili nyingine zimekatwa.